Kaskazi, Tufani na Hati za Msafiri

Msafiri aazimiaye kupanda meli ya matembezi kutoka Mombasa hadi Nosy Be, Réunion na Morisi yampasa afahamu kwamba kaskazi, iletayo bahari shwari pwani yetu tangu Desemba hata Machi, huangukia katika majira ya tufani za kusini, yaanzayo Novemba na kukoma Aprili, ambazo huweza kumlazimu nahodha kuiacha bandari iliyokusudiwa.

Pasipoti na ibakiwe na muda wa miezi 6. Cheti cha homa ya manjano hupata nguvu siku 10 baada ya chanjo. Lakini linihofishalo zaidi ni Réunion: ni ardhi ya Ufaransa, walakini i nje ya Schengen, hivyo viza ya Schengen peke yake haitoshi. Iombeni viza ya kisiwa hicho kabla ya kulipa nauli.