Asiyejibu Huenda Anasikia



Katika Injili ya Marko, sura ya 5, twamwona Bwana wetu akiingia nyumbani kwa Yairo. Waombolezaji wamekwisha kufika. Kwao habari ya binti yule wa miaka 12 imekwisha, nao wamcheka Yesu anaposema kwamba mtoto amelala tu. Yesu awatoa nje, amshika mtoto mkono, na kusema naye. Tuliangalie jambo hilo. Alipofika kitandani hakusimulia habari za mgonjwa kwa waliosimama kando, bali alisema na mgonjwa mwenyewe.

Sisi nasi tunao wagonjwa waliozimika namna hiyo: mmoja kwa ajali ya barabarani, mwingine kwa kiharusi, mwingine kwa malaria iliyopanda kichwani. Pengine macho yako wazi, lakini salamu haijibiwi. Siku za kwanza nyumba hujaa jamaa. Baada ya miezi, abaki mama peke yake na beseni la maji. Twasema, "Amekuwa gogo." Kisha, papo hapo kitandani pake, twajadili madeni ya hospitali, mgawanyo wa shamba, hata bei ya jeneza.

Basi, tusikie yaliyogunduliwa na wataalamu. Mwaka 2006, huko Cambridge, Uingereza, Profesa Adrian Owen na wenzake walimpima mwanamke wa miaka 23 aliyeumia ubongo katika ajali ya gari. Miezi mitano ilikuwa imepita, wala hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Walimlaza katika mashine inayopiga picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huvuta damu yenye oksijeni nyingi zaidi, na mashine huiona. Wakamwambia awaze kwamba anacheza tenisi, kisha awaze kwamba anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake ukatenda kazi sawasawa na ubongo wa watu wenye afya walioagizwa hivyo hivyo. Mwili ulikuwa kimya, lakini yeye alisikia, akaelewa, akatii.

Mwaka 2010 uchunguzi mwingine ulihusu wagonjwa 54, na 5 kati yao waliweza kufanya hivyo. Mmoja alijibu hata maswali juu ya jamaa zake, akiwaza tenisi kwa "ndiyo" na nyumba kwa "hapana". Mwaka 2024 yakatangazwa matokeo ya wagonjwa 241 ambao kwa mwili hawakuweza kutii agizo lolote. Picha za ubongo na vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha kwamba 60 kati yao walikuwa wakitii kwa mawazo. Ni mmoja katika kila wanne.

Tusielewe vibaya, ndugu. Kipimo hiki hakiponyi, wala hakiahidi kwamba mgonjwa ataamka kesho. Tena mashine hizo ni ghali, na wengi wetu hatutazifikia kamwe. Lakini zatuonya kwamba macho yetu si mahakimu wa kutosha.

Na wale 181 waliobaki, je? Hao si watu? Hapa imani yatangulia mashine. Mwezi Machi 2004, miaka miwili kabla ya picha zile za Cambridge, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mgonjwa wa hali hiyo abaki binadamu mwenye hadhi yake kamili, na kwamba kimsingi anastahili chakula na maji. Hatumheshimu mgonjwa kwa sababu kipimo kimempata. Twamheshimu kwa sababu Mungu hajawahi kumpoteza.

Tufanyeje, basi? Tuingiapo, tumwite kwa jina lake, tujitaje sisi ni nani. Tumshike mkono. Kabla ya kumgeuza au kumwosha, tumweleze tunalotaka kufanya. Tumpe habari za nyumbani: mvua imenyesha, mjukuu amezaliwa. Maneno ya mirathi na jeneza yasitamkwe mbele yake. Tusali Baba Yetu kwa sauti, polepole, tukimwachia nafasi ya kusali nasi moyoni.

Nanyi makatekista, msiiruke nyumba hiyo mnapozungukia wagonjwa. Msiseme kwamba hakuna faida kumwita padre kwa kuwa mgonjwa hajitambui. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1006, yaagiza Mpako wa Wagonjwa utolewe kwa wale ambao, walipokuwa na fahamu zao, waliuomba walau kwa namna isiyo wazi. Mkristo aliyeishi akisali na kupokea sakramenti, tumkatalie kwa sababu ulimi wake umefungwa?

Tusimsahau pia yule mama mwenye beseni. Juma hili mmoja wetu akampokee zamu, apate kulala usiku mmoja.

Ee Bwana Yesu, uliyemshika mkono binti Yairo, utufundishe kusema na wasioweza kutujibu, maana wewe wawasikia. Amina.