Maharagwe Kwenye Keki ya Futari



Ndugu zangu vijana, wa kike kwa wa kiume, leo sikuja na mas-ala ya fiqhi. Nimekuja na maharagwe. Chekeni kwanza, kisha mnipe sikio.

Hebu litazame sinia la futari mwezi huu. Kaimati zimerowa shira, tambi za sukari, vitumbua, mkate wa mayai, na juisi juu yake. Pembeni ameketi mjomba au bibi mwenye ugonjwa wa sukari, na bakuli lake la peke yake. Mikono yote yaenda kwenye sinia, wake haumo. Siku nyengine husubiri. Siku nyengine hupita jikoni akala kaimati kwa siri, na usiku nyumba nzima haipati usingizi. Mimi naona tumemwachia mambo mawili, yote mabaya.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Hiyo ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Soda moja ya mililita 300 yavimaliza vyote, na bado hujagusa kaimati!

Sasa keki yenyewe. Roweka maharagwe mekundu usiku, mwaga maji yake, kisha yachemshe kwa maji mapya, moto mkali, bila chumvi wala kitunguu, mpaka yapondeke kwa vidole. Hapa usifanye haraka. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya kutapisha, na mashine ya kusagia huficha ugumu wa punje lakini sumu haiondoi. Chukua vikombe 2 vya yaliyoiva na kuchujwa, tende 12 zilizorowekwa na kutolewa kokwa, mayai 3, mafuta vijiko vikubwa 3, kakao vijiko vikubwa 4, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, na iliki. Saga mpaka iwe laini kabisa. Unga wa ngano haumo, sukari haimo. Oka nyuzi 180 kwa nusu saa hivi. Huna oveni? Fanya kama mama zetu: sufuria, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Iache ipoe ndipo ukate, maana ikiwa moto huvunjika.

Kunde nazo zaweza, ila harufu yake haitoki upesi, ongeza iliki na ganda la chungwa. Mbaazi usipoziambua maganda utatafuna mchanga.

Mtanambia, "Tende si sukari pia?" Ndiyo, na tusijidanganye. Lakini piga hesabu: tende 12 kwa vipande 16, kila kipande kina robo tatu ya tende moja. Na maharagwe yenyewe yana wanga, lakini gramu 100 za yaliyochemshwa zina protini kama gramu 8 na nyuzinyuzi kama gramu 6, kwa hiyo sukari haipandi mwilini kwa kishindo kama ya kaimati. Hii ni keki, si dawa. Mgonjwa anayejidunga insulini aonane na daktari wake kabla ya kufunga, na kipande atakachokula akihesabu pamoja na tende aliyofungulia.

Wanaume msiniangalie hivyo. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi za nyumbani, na kusaga maharagwe hakuhitaji shahada.

Jambo la mwisho: usimwekee mjomba kisahani chake. Keki iweke katikati ya sinia, mwambie kilichomo, na sote tukate hapo hapo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.