Twiga Asimame kwa Miguu Yake

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za kazi ndogo ya mikono, nayo ni kutengeneza sanamu ndogo za mti, hasa za wanyama, kwa msumeno mwembamba. Huu si ule msumeno wa seremala wa kupasulia mbao. Bapa lake ni jembamba kama uzi mnene, limefungwa katika chuma kilichopindwa mfano wa upinde, nalo hupita katika kona ndogo sana. Siku hizi iko na mashine ya umeme inayoliendesha bapa kama hilo juu na chini; lakini ule wa mkono wafaa hata mahali pasipo umeme, nao ndio tunaousema.

Zamani kidogo tuliwafundisha wanachuo wetu kukata twiga. Mmoja wao alikuwa amewaahidi watoto wadogo, katika shule alikofanya mazoezi ya ualimu, kwamba atawaletea wanyama kumi wa kuhesabia. Usiku wa kuamkia siku ile, alipokuwa akimlainisha twiga wa mwisho, miguu miwili ilikatika pamoja kama muhogo mkavu. Tulimwambia kwamba mkono wake ni mzito. Baadaye tulivitazama vile vipande, tukaona haya. Kosa lilikuwa letu. Sisi ndio tuliomwonyesha kumchora twiga akikingama nyuzi za mti, ili ubao mmoja utoshe wanyama wengi.

Kila apasuaye kuni ajua jambo hili: shoka likifuata nyuzi, gogo hupasuka kwa pigo moja, likizikata kukingama, utatoka jasho. Mguu mwembamba ambao nyuzi zake zakingama hauna nguvu. Kwa hiyo nyuzi za twiga na zipande toka kwato hata kichwa. Za mamba zifuate mgongo mpaka mkiani. Ng'ombe ndiye mwenye matata, maana miguu yashuka na pembe zaenda kando. Sisi huifuata miguu, tukaziacha pembe ziwe nene na fupi. Mkonga wa ndovu tusiutenge, bali ushikamane na mguu wa mbele.

Chagua mti laini, kama podo au mbao za sanduku kuukuu. Mpingo mwachie fundi, utakuvunjia bapa. Funga bapa meno yakielekea chini, ulikaze hata likiguswa kwa kidole litoe mlio. Ubao ulaze juu ya kibao kilichokatwa pengo mfano wa pembe ya swala, kikashikizwa ukingoni mwa meza. Chuma kisimame wima. Kikilala kidogo tu, upande wa chini utakuwa na mnyama mwingine. Katika kona usilisokote bapa likiwa limetulia. Endelea kukata papo hapo, ukiugeuza ubao polepole.

Ukitaka mnyama mzima, wala si bapa la ubao, chukua kipande cha mraba chenye unene wa inchi 1 na urefu wa inchi 3. Upande mmoja mchore kama aonekanavyo ubavuni, na upande wa pili kama aonekanavyo mbele, vichwa vikilingana kwa kimo. Kata mchoro wa kwanza, lakini vile vipande vya nje usivitupe. Virudishe mahali pake, uvifunge kwa uzi, ndipo ukate mchoro wa pili. Ukifungua, mnyama atatoka ndani mfano wa kifaranga katika yai. Wanachuo hucheka kila mara, na sisi pia.

Mwisho ni kulainisha. Wazee walitumia jani la mti wa msasa, ambao karatasi ya madukani imechukua jina lake; jani hilo bado lafaa. Sugua kwa kufuata nyuzi, kisha paka nta ya nyuki. Rangi tusipake, kwa kuwa watoto hutia kila kitu kinywani.

Yule mwanachuo alikata twiga mwingine usiku uleule, nasi tukimshikia taa, na asubuhi wanyama walikuwa kumi. Twiga wa miguu miwili tumemweka katika sanduku la vyombo. Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo hili, twamtoa na kumsimamisha mezani, naye huanguka.