Hesabu ya Kubomoa Bwawa



Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hulidhani ni wazimu: kutumia fedha nyingi kubomoa mabwawa ya stima ambayo bado yafanya kazi. Jambo hili limetendeka Marekani, katika mto Klamath, unaopita Oregon na California. Mwaka 2023 na 2024 mabwawa 4 yalibomolewa, kwa gharama ya dola milioni 450 hivi.

Tuulize kwanza, yalileta faida gani? Hayakuwa ya kunyweshea mashamba. Kazi yake ilikuwa stima tu, nayo haikufika sehemu 2 katika 100 za stima yote ya kampuni. Leseni ilikwisha mwaka 2006. Serikali ikasema: mkitaka leseni mpya, tengenezeni njia ya samaki kupanda mto. Kampuni ikapiga hesabu, ikaona matengenezo hayo huenda yakala fedha nyingi kuliko kubomoa. Haikuwa huruma, ndugu zetu. Ilikuwa hesabu.

Lakini daftari la kampuni lilikuwa na ukurasa mmoja tu. Samaki aitwaye samoni huzaliwa mtoni, hukua baharini, kisha hurudi mtoni kuzaa. Bwawa la kwanza lilipomalizika mwaka 1918, njia yake ilizibwa. Wayurok na Wakaruk, wenyeji wa mto ule, wakapungukiwa na chakula chao. Mwaka 2006 samoni wa Klamath walikuwa wachache hata wavuvi wa pwani wakazuiwa kuvua karibu msimu wote. Mvuvi ni mfanya kazi kama sisi. Nani aliandika hasara yake?

Na nani alilipa kubomoa? Dola milioni 200 zilitoka kwa wateja wa stima, kidogo kidogo katika malipo yao. Milioni 250 zilitoka katika mkopo wa jimbo la California, ambao raia ndio waulipao kwa kodi. Nao watu waliojenga nyumba kando ya maziwa ya mabwawa hayo wameyapoteza maziwa yao. Faida ipo: Oktoba 2024 samoni walionekana juu ya mahali palipokuwa na mabwawa, baada ya miaka zaidi ya 100. Lakini kila faida ina mlipaji wake.

Hatusemi mabwawa ya mto Tana yabomolewe. Nchi yetu yapata stima nyingi huko. Twasema hivi: ikiwa ni kujenga au kubomoa, hesabu iwe na kurasa zote. Iandikwe ajira itakayokwisha, ajira itakayoanza na muda wake, na jina la atakayelipa. Na chama cha wafanya kazi kiwepo wakati hesabu inapopigwa, si baada ya kutiwa sahihi.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu, tulidai daftari tulisome.