Kupungua si kupona

Ndugu msikilizaji, kwetu Arusha mtu akikoroma hadi jirani akasikia, watu hucheka na kusema mzee kashiba. Mzee huyo nilikuwa mimi, kilo 138. Kumbe kukoroma kule kulikuwa sauti ya mtu anayekabwa.

Ukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mtu mnene, mafuta ya shingoni huikandamiza njia ya hewa mpaka ikaziba. Pumzi husimama sekunde 10 au zaidi, ubongo hukushtua, unavuta hewa, kisha mambo huanza upya. Nilipopimwa, pumzi yangu ilisimama zaidi ya mara 50 kwa saa moja.

Nikapewa mashine ndogo inayosukuma hewa kwa barakoa puani ili koo lisizibe. Aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, mwaka 1980. Baadaye nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Kilo zikashuka hadi 96, suruali zikanipwaya, nami nikaitupa mashine uvunguni.

Wiki chache zikapita. Mama Neema akaniambia, "Baba Neema, jana usiku ulinyamaza tena. Nilikuwa nahesabu." Nikampuuza. Siku ya tatu, nikiendesha gari kutoka Usa River, nilizinduliwa na honi ya lori pale Tengeru. Nilikuwa nimeingia upande wake wa barabara, na binti yangu amekaa kando yangu.

Nikarudi kupimwa. Pumzi ilikuwa bado inasimama mara 18 kwa saa. Daktari akanieleza kwamba kupungua uzito husaidia sana, na wapo wanaoiaga mashine kabisa, lakini si wote. Taya dogo, koo jembamba na umri havipunguzwi kwa kisu. Nguvu ya hewa ikashushwa, na barakoa ikabadilishwa, maana uso nao ulikuwa umekonda na hewa ikivuja pembeni.

Nayasema haya kwa sababu matibabu ya uzito sasa yapo nchini. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza kuweka puto tumboni mwaka 2022. Ukienda kupasuliwa, waambie waganga mapema kwamba unatumia mashine, kwani dawa ya usingizi nayo hulegeza koo.

Neno moja kwa sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru. Maji yetu mengi yana floraidi na madini. Tazameni meno yetu ya kahawia. Kuyachemsha hakuyaondoi. Tangi la mashine litiwe maji yaliyokenekwa, ama sivyo hufanya magamba. Na kichujio kikaguliwe, kwa vumbi letu hili.

Ndugu msikilizaji, usiiache mashine kwa kujitazama kwenye kioo. Iache kwa kipimo cha daktari. Na mwenzio anayelala kando yako akikuambia amesikia kimya, msadiki. Yeye ndiye aliyekuwa macho.