MTO WA KUPIGIA MAGOTI

Masomo: Kutoka 31:1-6; 35:25-35; Matendo 9:36-42



Mama mmoja wa kusanyiko letu alileta kitambaa cha mimbara, alichokitarizi kwa mikono yake, usiku, akitoka sokoni. Mimi, mchungaji wake, nilimjibu: «Mama, ungeleta mfuko wa simenti.» Aliinamisha kichwa, akaenda. Neno lile lilinirudia moyoni, na leo nataka tulitazame pamoja.

Katika Uingereza, mjini Winchester, kuna kanisa kubwa la kale lililowekwa wakfu mwaka 1093. Mwaka 1931 mama Louisa Pesel, fundi wa kutarizi, alianza kukusanya watu, wengi wao wamama, washone mito ya kukalia na ya kupigia magoti. Mwenzake Sybil Blunt alichora picha za historia ya kanisa na nchi yao. Wamama wakazijaza kwa uzi wa sufu, tundu kwa tundu, mpaka mwaka 1936.

Mtu atauliza: sisi Wapentekote, alama hizo zinatuhusu nini? Mungu aliyekataza sanamu ndiye aliyeagiza pindo la vazi la Haruni lipambwe kwa makomamanga ya uzi. Hakuna aliyeliomba komamanga. Lilikuwa pambo la utumishi tu. Na mto wa kupigia magoti je? Ukiomba, magoti yako yanafunika ua lote. Kazi ya miezi mingi inafichwa, maombi yanapanda. Hiyo ndiyo alama yake kubwa: utumishi unaokubali kukaa chini ili mwingine amfikie Mungu.

Tena, mama Pesel huyo, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, katika mji wa Bradford, aliwafundisha kutarizi askari ambao akili zao zilivurugwa na mizinga. Mikono iliyoshika bunduki ikashika sindano. Ikatengeneza kitambaa cha meza ya Bwana. Sisi watu wa Kongo tunaijua mikono inayotetemeka. Tunao ndugu waliokimbia vijiji vyao, wanaoshtuka mlango ukigongwa. Wakileta kazi ndogo ya mikono yao, tusiidharau. Pengine ni hapo Bwana anawaponya.

Mnajua, mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema alijazwa Roho wa Mungu si mhubiri. Ni Bezaleli, fundi! Na Oholiabu, aliyepewa kuwa pamoja naye, alikuwa mtarizi. Sisi tunaoomba ujazo wa Roho kila ijumaa, tumelisahau hilo. Na Dorkasi alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro mahubiri yake. Walimwonyesha nguo alizozishona, huku wakilia. Petro akapiga magoti.

Nilienda nyumbani kwa yule mama, nikaomba msamaha. Alicheka, akasema: «Mchungaji, simenti nitaleta pia.» Leo kitambaa chake kiko juu ya mimbara.

Ndugu yangu, dada yangu, una nini mkononi? Sindano, ufagio, jembe? Usingoje mikrofoni. Mletee Bwana. Nasi viongozi, tujifunze kupokea.

Tuombe: Baba, utusamehe tulipodharau kazi za watoto wako. Jaza mikono yetu Roho wako. Kwa jina la Yesu. Amina.