Sambusa za Jibini: Kutoka Karai la Riyadh hadi Chuma cha Jeddah

Katika nyumba nyingi za Saudi Arabia, meza ya futari haijakamilika mpaka sahani ya sambusa iwekwe kando ya tende na supu. Ya nyama ipo, ya mboga ipo, lakini ya jibini ndiyo inayogombaniwa na watoto, na ndiyo pia inayompa mpishi wasiwasi mkubwa kuliko zote. Makala hii inaingia katika jikoni za Riyadh na Jeddah, ambako mara nyingi anayesimama mbele ya mafuta ya moto ni mwanamke aliyetoka Afrika Mashariki.

Wasikilizaji, mwanamke wa Mombasa au wa Unguja anapofika Riyadh kufanya kazi za nyumbani hahitaji kufundishwa sambusa ni nini. Manda anazijua tangu utotoni. Anajua kuzikunja pembe tatu, anajua gundi ya unga wa ngano na maji, na anajua kwamba kitunguu kisipokaushwa vizuri kitailowesha manda kutoka ndani. Kinachomshangaza ni hicho kinachotiwa ndani. Nyama iliyokwisha kupikwa hukaa palepale ilipowekwa, jibini hutembea. Ikipata moto huyeyuka, hutafuta upenyo mdogo kuliko wote, na ikiupata humwagika ndani ya karai, mafuta yakaruka na mkono ukaungua. Sambusa inayobaki ni ganda tupu, na wageni wamekwisha kukaa mkekani.

Sambusa yenyewe ina safari ndefu. Jina lake lina asili ya Kiajemi, na maelekezo ya kuipika yamo katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10 na Ibn Sayyar al-Warraq. Msafiri Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, baadaye aliikuta katika karamu za sultani wa Delhi: nyama iliyosagwa pamoja na lozi, pistachio na vitunguu, ikafungwa kwa mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kwa hiyo mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki na bibi mwenye nyumba wa Riyadh wanakutana juu ya chakula ambacho hakuna kati yao anayeweza kudai kuwa ni cha kwao peke yao.

Jibini ni habari nyingine. Wafugaji wa Bara Arabu wamejua tangu zamani kuyakausha maziwa ya kondoo na mbuzi yakawa vipande vigumu vya kubeba safarini, lakini jibini laini inayotiwa katika sambusa za leo ni mtoto wa kiwanda. Mwaka 1911 Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, waligundua kwamba jibini ikipashwa moto pamoja na aina fulani ya chumvi haitenganishi mafuta yake na maji yake, na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Jibini ya namna hiyo ilifaa mno nchi zenye joto, hasa kabla ya majokofu kuenea, na mpaka leo kopo la jibini ya cheddar na gilasi ya jibini ya kupaka havikosekani madukani Jeddah.

Baadaye ng'ombe nao wakahamia jangwani. Kampuni ya Almarai ilianzishwa mwaka 1977, na eneo la Al Kharj, kusini-mashariki ya Riyadh, likawa kitovu cha mashamba makubwa ambamo ng'ombe hupozwa kwa feni na manyunyu ya maji. Gharama ya maji hayo haionekani mezani. Kwa miaka mingi majani ya kuwalisha yalimwagiliwa kwa maji ya chini ya ardhi ambayo mvua hairudishi, hadi serikali ikaamua kilimo hicho kipunguzwe. Kampuni hiyo ikanunua ardhi Argentina mwaka 2011 na Arizona, Marekani, mwaka 2014. Na huko Arizona pia maji yakazua ugomvi, hata mwezi Oktoba 2023 gavana wa jimbo hilo akatangaza kuvunja mkataba mmoja wa kukodi ardhi ya serikali na kutoongeza muda wa mingine iliyokuwa mikononi mwa kampuni yake tanzu. Kipande cha jibini kinachotoshea kijiko kina mambo mengi nyuma yake.

Turudi jikoni. Si kila jibini inafaa karai. Halumi, ambayo donge lake hupikwa kiwandani kabla ya kuuzwa, haiyeyuki. Hulainika na kubaki imesimama. Akawi huhifadhiwa katika maji ya chumvi, basi sharti ikatwe vipande na kulowekwa kwa saa kadhaa, maji yakibadilishwa, la sivyo wafuturuo watakunywa maji usiku kucha. Mozarela huvutika kama uzi na watoto huipenda kwa sababu hiyo, lakini ina maji mengi. Jibini ya kupaka ni tamu na ni laini, na ndiyo inayotoroka upesi kuliko zote. Wapishi wengi wenye uzoefu huchanganya: kiasi kikubwa cha akawi au halumi iliyokunwa, na kidogo cha ile ya kupaka ili vishikane. Huongeza majani ya nanaa yaliyokatwa na punje za habasoda. Chumvi haiongezwi.

Ujazo ni kijiko kimoja cha chai kilichojaa, si zaidi. Anayejaza sana kwa ukarimu ndiye huyohuyo atakayesafisha jiko. Manda hukunjwa kwa kubana, na pembe zote tatu hupakwa gundi ya unga, kwani ni pembeni, si katikati, ndiko jibini inakotorokea. Manda zinazongojea zamu yake hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, maana hewa ya Riyadh ni kavu sana na kwa dakika chache tu huzikausha hadi zikavunjika zikikunjwa. Jeddah, mji wa bahari, shida ni kinyume chake: manda hunyonya unyevu na kunatana.

Yupo pia mpishi asiye na manda, na huyo hutumia mkate wa vipande. Kingo ngumu hukatwa, kipande hubanwa kwa mpini wa kusukumia chapati hadi kiwe chembamba, jibini huwekwa, kingine hufunika au chenyewe hukunjwa, na ukingo hupakwa yai na kubanwa kwa meno ya uma. Mkate ukiingia karaini hivyohivyo utanyonya mafuta kama sifongo. Lazima uchovywe katika yai lililopigwa na kugaragazwa katika chenga za mkate mkavu, ili yai ligande mara moja na kuziba matundu. Watu wa Naples, Italia, wana ndugu wa chakula hicho: mozarela katikati ya vipande viwili vya mkate, wanaoiita mozzarella in carrozza, yaani mozarela ndani ya gari la farasi.

Siri ya yote ni joto. Mafuta yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 170 na 180 za Selsiasi. Yakiwa baridi, ganda litachelewa kukauka na jibini itapata muda wa kutoka. Yakiwa ya moto kupita kiasi, nje kutaungua. Asiye na kipimajoto hutumbukiza kipande kidogo cha manda: kikizama na kunyamaza, bado; kikipanda juu mara moja na povu dogo likikizunguka, tayari; kikigeuka cheusi, moto upunguzwe. Zikaangwe chache chache, kwa sababu sambusa kumi zikiingia kwa pamoja huyapoza mafuta. Dakika mbili au tatu zinatosha.

Mafuta yenyewe nayo yana historia yake. Saudi Arabia ilipiga marufuku mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, ambayo yana madhara makubwa kwa moyo, kuanzia mwaka 2020, na Januari 2024 Shirika la Afya Duniani liliitaja miongoni mwa nchi tano za mwanzo kutambuliwa kwa kuyaondoa, pamoja na Denmark, Lithuania, Poland na Thailand. Lakini sheria haiingii katika kila karai. Mafuta ya mahindi au alizeti yanayopashwa moto usiku baada ya usiku, hadi yakawa mazito na yenye povu, hayafai tena, hata kama kopo lake lilikuwa safi siku ya kwanza.

Na hatari isiyosubiri miaka ni moto. Karai likiwaka, maji yasimwagwe kamwe. Moto wa jiko uzimwe na mfuniko uwekwe juu. Aliyeungua aweke mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, asipake samli wala dawa ya meno. Ajali huja katika nusu saa ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi, mpishi naye amefunga, amechoka, na anaitwa kutoka vyumba vitatu. Kanuni za mwaka 2013 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani nchini humo zilitaka wapewe mapumziko ya saa tisa kwa siku na siku moja kwa wiki, na kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zikaweka kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku. Hata hivyo katika Ramadhani, futari hufuatwa na wageni, wageni hufuatwa na daku, na kuzihesabu saa hizo ndani ya nyumba ya mtu ni kazi nyingine.

Jeddah wana njia yao isiyohitaji karai la kina. Ni mutabbaq, unga uliovutwa hadi ukawa mwembamba kama karatasi, ukakunjwa juu ya mayai na nyama au juu ya jibini, kisha ukakaangwa kwa mafuta machache juu ya chuma kipana. Mahujaji walioteremka bandarini hapo kwa karne nyingi waliula na kuuchukua, au waliuleta. Wenyeji wenyewe hawakubaliani. Aliyewahi kusimama Forodhani, Unguja, akamtazama kijana akikunja unga juu ya yai, kima na kipande cha jibini kwenye chuma cha moto, ataona ni ndugu wa damu.

Kwa sambusa za jibini, wanawake wengi wa nchi hiyo wamepata ufumbuzi wa ile nusu saa ya mwisho. Katika mwezi wa Shaaban hukaa pamoja, mama, mabinti na mfanyakazi wa nyumba, wakakunja mamia ya sambusa kwa siku moja, wakazipanga katika trei bila kugusana na kuzigandisha katika friza. Jibini iliyoganda ni rahisi zaidi kukaangwa, kwani ganda hukauka kabla ya moyo wake kuyeyuka. Zitolewe moja kwa moja kutoka friza hadi karaini, barafu iliyo juu ikiwa imepanguswa kwanza, maana tone la maji katika mafuta hulipuka, na zisiachwe zikayeyuka mezani.